Mbao zinakataa omo na tezi: jibu kwa seremala anayejenga fluiti ya Kiholanzi

*“Mimi ni seremala hapa Tanga, kazi yangu ni milango na vitanda. Mwaka huu nimeanza kujenga mfano wa fluiti, ile meli ya mizigo ya Waholanzi ya karne ya 17, kwa uwiano wa 1:50. Mchoro unasema meli ilikuwa na urefu wa futi 120 toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na upana wa futi 24. Nilipopiga hesabu urefu ukaja sentimita 73. Mataruma, zile mbavu za meli, niliyachapisha kama yalivyo mchoroni, lakini nilipoyapanga yalipungukiwa na sentimita tano hivi, basi nafasi hiyo nikaigawa, nusu omo, nusu tezi. Sasa niko safu ya sita ya mbao kila upande. Katikati zinakaa vizuri. Omo zinapandana, tezi zinajikunja na kuvunjika. Mbao ni za mvule, milimita 2 kwa 8. Naziloweka usiku kucha, nazigandisha zikiwa bado laini, zikikauka zinaacha mianya. Rafiki yangu aliyeko Rotterdam ananiambia Waholanzi hawakuanza na mataruma, walianza na mbao, kwa hiyo nimekosea tangu siku ya kwanza. Je, nivunje nianze upya? Na mvule unafaa?”*

Fundi mwenzangu, nashukuru kwa kuandika kwa vipimo. Wengi huleta swali la “mbao hazikai” na kuishia hapo, na mtu hana pa kuanzia. Wewe umeleta namba, na namba hizo zimetaja kosa kabla ya mimi kutafuta. Usivunje kitu kwanza. Mkono wako ni mzima na mataruma yako ni mazima. Kilichokuponza ni futi.

Futi 120 za mchoro wako ni futi za Amsterdam. Wewe umezihesabu kwa futi ya Kiingereza, ile iliyoko kwenye tepu yako, yenye sentimita 30.48. Futi ya Amsterdam ilikuwa na inchi 11 tu, na urefu wake ni sentimita 28.3. Kwa hiyo meli ya futi 120 haikuwa na mita 36.6, ilikuwa na mita 34 kasoro kidogo. Gawa kwa 50, unapata sentimita 67.9. Tofauti na sentimita 73 zako ni sentimita tano na kidogo, ndizo zile zile ulizoziona zimezidi ulipopanga mataruma. Mchoro ulikuwa sawa, mataruma yalikuwa sawa, kipande cha urefu ulichokikata wewe ndicho kilichokuwa kirefu.

Kama ungeikosea futi hiyo katika kila kipimo, urefu, upana na kina, pasingeharibika kitu. Ungepata fluiti halali kabisa, ila uwiano wake ungekuwa karibu 1:46 badala ya 1:50. Lakini mataruma yako ni ya 1:50 na urefu wako ni wa 1:46, tena urefu uliozidi umeuweka wote kwenye ncha mbili. Hapo ndipo penye shida. Fluiti ina omo butu, ya duara, karibu kama tumbo la chungu, na tezi yake chini ya mkanda mnene wa ubavuni ni ya duara pia: mbao zinapinda na kupanda hadi kukutana na nguzo ya nyuma. Ukiongeza sentimita mbili na nusu kila ncha, unaivuta duara iwe ndefu, halafu unaudai ubao ujipinde ghafla mahali ambapo mchoraji hakuupangia kupinda. Ubao unakataa, na una haki.

Kagua haya kwa kipimo kingine. Nicolaes Witsen, aliyechapisha kitabu chake cha ujenzi wa meli huko Amsterdam mwaka 1671, ameandika kanuni waliyoifuata mafundi: unene wa nguzo ya omo, upande wa ndani, ni inchi moja kwa kila futi kumi za urefu wa meli. Meli ya futi 120 ina nguzo ya inchi 12 za Amsterdam, yaani sentimita 31 hivi, na kwa 1:50 inakuja milimita 6. Pima nguzo iliyochorwa kwenye mchoro wako. Ikiwa ni milimita 6, mchoro ni wa 1:50 na unaweza kuuamini. Kanuni hii ni nzuri kuijua kwa sababu unene wa vipande vingi vya meli uliotajwa na Witsen unatokana na nguzo hiyo. Ukiijua nguzo, unaweza kukisia kipande ambacho mchoro haukukionyesha.

Sasa la rafiki yako wa Rotterdam. Amesema kweli, ila amekata neno kubwa mno. Katika Amsterdam na upande wa kaskazini, mafundi wa karne ya 17 walilaza mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, wakasimamisha nguzo ya omo na ya tezi, kisha wakaanza kuunganisha mbao za chini, ubavu kwa ubavu, bila taruma hata moja. Mbao zilishikwa kwa koleo kubwa za mti na kwa vibao vidogo vilivyopigiliwa misumari kukatiza maungio. Sakafu hiyo ilipokamilika, karibu bapa, ndipo yalipoingizwa mataruma ya chini. Wakapandisha mbao za kiuno, pale meli inapogeuka kupanda, wakatia mataruma mengine, wakaendelea hivyo hadi juu. Vile vibao vilipoondolewa, matundu ya misumari yaliachwa na kuzibwa kwa vijiti vya mti. Safu za vijiti hivyo zimeonekana kwenye mabaki ya meli za Kiholanzi zilizochimbuliwa, na ndizo zinazowahakikishia wataalamu kwamba aliyoyaeleza Witsen hayakuwa maneno ya kitabuni tu.

Lakini Rotterdam anakokaa rafiki yako ni upande wa kusini, na huko mambo yalikuwa tofauti. Cornelis van Yk, aliyekuwa fundi wa meli mwenyewe, alichapisha kitabu mwaka 1697 akieleza namna ya kusini: unasimamisha kwanza baadhi ya mataruma, unafunga vibao vyembamba kuyazunguka kutoka omo hadi tezi, na umbo linatoka hapo. Kwa hiyo kusema “Waholanzi hawakuanza na mataruma” ni kuwasahau nusu ya Waholanzi. Tena mataruma ya mfano wako, yale ya kukatwa kwa plaiwudi na kuchomekwa kwenye uti wa kati, si ya kaskazini wala ya kusini. Ni kifaa cha wajenzi wa mifano wa zama zetu, kinachokuwezesha kupata umbo sahihi ukiwa na mchoro na msumeno mdogo. Kukitumia si kuwasaliti wale mafundi.

Hata hivyo nataka ukae kidogo na namna ile ya kaskazini, kwa sababu ndani yake mna jibu la shida yako. Sisi wa pwani hatupaswi kuiona ngeni. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, nao ulijengwa mbao kwanza: mbao zinashonwa, umbo linapatikana, mataruma yanafuata ndani kulitia nguvu. Katika ujenzi wa namna hiyo umbo la chombo linaamuliwa na ukato wa kila ubao. Fundi hachukui mbao za upana mmoja akazilazimisha zifuate mataruma. Anauchonga ubao, hapa mpana, pale mwembamba, ukingo huu umepinda, na mbao hizo zikikutanishwa chombo kinajitokeza chenyewe. Omo ya duara ya fluiti ilizaliwa na fikra hiyo. Wewe unaijenga kwa vipande vya milimita 8 vilivyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata ukisharekebisha urefu, vipande hivyo vitakugomea, kwa hiyo lazima nikueleze kwa nini.

Ubao mwembamba unakubali kupinda kwa upande wa bapa. Kwa upande wa ukingo haukubali, hata uuloweke wiki nzima. Angalia pipa: kila kibao chake ni kipana katikati na chembamba kwenye ncha, ndiyo maana pipa linavimba bila mbao kupandana. Meli ni hivyo hivyo. Kata utepe wa karatasi, uzungushie taruma la katikati kutoka mkuku hadi ule mkanda mnene wa ubavuni, uweke alama. Fanya hivyo hivyo kwenye taruma la mwisho la omo. Tuseme katikati umepata milimita 112 na omo milimita 70. Ukiwa na safu 14, kila ubao unatakiwa uwe milimita 8 katikati na milimita 5 ukifika omo. Wewe unafika omo na milimita 8 zako zote, mara 14. Zitakwenda wapi kama si kupandana?

Gawa kila taruma kwa idadi ya safu, weka alama kwa penseli, kisha punguza kila ubao kwa randa ndogo kufuata alama zake. Usiupunguze chini ya nusu ya upana wake. Ikibidi kwenda chini ya hapo, safu mbili ziishie kwa ubao mmoja. Tezi inaweza kukuletea kinyume chake: ukipima utakuta pale mbao zinapopanda kwenye nguzo ya nyuma nafasi ni kubwa kuliko katikati, na hapo unaongeza kipande chenye ncha kati ya safu mbili. Usitanue mbao kwa kuzivuta. Mbao zako zinajikunja na kuvunjika tezi kwa sababu unazidai zipinde kwa bapa, zijisokote na zipinde kwa ukingo, yote mara moja.

Kwa safu mbili au tatu zilizo ngumu zaidi, achana na vipande vilivyonyooka. Bandika selotepu ya karatasi juu ya nafasi iliyobaki wazi, pitisha penseli kwenye kingo zake, ibandue, ibandike juu ya ubao mpana mwembamba, na ukate umbo hilo lilivyo. Utashangaa kuona ubao unaotakiwa umepinda kama mundu ukiwa mezani, na ukiupeleka kwenye meli unakaa bila kushurutishwa. Hiyo ndiyo kazi ya ukato niliyoitaja.

Kabla ya ubao wowote, hakikisha kingo za mataruma zimechongwa mshazari. Hukulitaja hili, na taruma la plaiwudi linatoka kwenye msumeno na ukingo wa pembe mraba. Katikati ya meli ni sawa, lakini omo ubao unakuja kwa mshazari na unagusa kona tu. Gundisha msasa kwenye kibao kirefu kinachonesa kidogo, upitishe juu ya mataruma matatu au manne kwa mpigo, ukienda mbele na nyuma, mpaka kipande cha kujaribia kikae kwa bapa juu ya kila taruma bila mwanga kupenya. Kazi hii inachosha na haina fahari, lakini niko radhi mtu atumie muda zaidi hapa kuliko kwenye milingoti yote mitatu.

Mianya nayo inatokana na maji. Ubao ukiloa unavimba kwa upana, kwa urefu karibu hauongezeki. Ukiugandisha ungali umevimba, utarudi upana wake ukikauka, na mwanya utabaki. Tena maji si yanayolainisha mti kwa kiasi unachodhani. Kinachoulainisha ni joto: ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti hulegea kwa moto na kukaza tena ikipoa, na maji yanasaidia kulipeleka joto ndani bila kuunguza. Mafundi wa Kiholanzi walipinda mbao nene juu ya moto wa wazi, upande wa juu wakiulowesha, na mafundi waliojenga upya meli ndogo ya Kiholanzi ya Duyfken huko Fremantle, Australia, kati ya 1997 na 1999, wakianza na mbao kama zamani, walifanya vivyo hivyo. Kwako loweka dakika ishirini zinatosha, pinda juu ya bomba la chuma lililopashwa moto au kwa ncha ya pasi, kisha ufunge ubao mahali pake kwa vibanio bila gundi. Uache hadi kesho. Ukishakauka na kushika umbo, ndipo uutoe, upunguze ukingo uone umekutana na mwenzake, na ugandishe. Ubao mmoja kila upande kwa siku, kulia na kushoto kwa zamu ili uti usivutwe.

Mvule siupendekezi kwa mbao za ubavu. Nyuzi zake hupishana, tabaka hili likienda huku na lile kule, na kwenye unene wa milimita 2 hupasuka ukipindwa, hasa penye kusokota. Vinyweleo vyake pia ni vikubwa, vikitazamwa kwa 1:50 vinaonekana kama mitaro. Mninga una sifa zake, lakini nao ni mti wa kitanda kuliko wa mfano. Meli zenyewe zilikuwa za mwaloni, ila mwaloni halisi nao una nyuzi nzito mno kwa kipimo hiki. Tafuta mchungwa, mlimau au mpera uliokauka vizuri, miti ambayo watu hukata kuni bila kujua thamani yake: nyuzi zake zimebana na hukubali kisu. Pasua unene wa milimita 1.5, ambao kwa 1:50 ni sawa na ubao wa inchi tatu za Amsterdam.

Na vumbi la mvule uliogope. Linawasha ngozi na linaweza kuleta pumu kwa anayelivuta kila siku, na mfano mdogo unapigwa msasa kwa saa nyingi uso ukiwa karibu na kazi, kuliko mlango. Vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri. Ukisikia kifua kinabana au unakohoa usiku baada ya kazi, nenda hospitali ukamwambie daktari jina la mti.

Basi uvunje au usivunje? Una njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kuacha urefu wa sentimita 73 na kuendelea, ukijaza mianya na kufunika kwa rangi. Inawezekana, lakini hiyo haitakuwa fluiti. Omo iliyochongoka inaiondolea meli hii tabia yake yote. Fluiti ilianza kujengwa katika mji wa Hoorn, Uholanzi, mwishoni mwa karne ya 16 kwa ajili ya kubeba nafaka na magogo kwa mabaharia wachache, na ule mwili wa kujaa chini, mwembamba juu, ndio ulioitajirisha nchi. Wengi hueleza kwamba sitaha ilifanywa nyembamba kukwepa ushuru wa Denmark kwenye mlango wa bahari wa Øresund, uliopimwa kwa upana wa sitaha. Wanahistoria hawakubaliani ushuru ulichangia kiasi gani, lakini umbo lenyewe halina ubishi. Mwaka 2003 ilipatikana fluiti chini ya bahari ya Baltiki ikiwa imesimama wima, milingoti bado juu, kwa kuwa maji yale ni baridi, yana chumvi kidogo, na hayana yule mdudu anayetoboa mbao za vyombo vyetu. Tafuta picha zake utazame tezi.

Njia ya pili ni kubaki na sentimita 73 na kukuza mchoro. Peleka kwenye mashine ya kunakili, ukuze hadi asilimia 107.7, ukate mataruma mapya yote, na uti wako utafaa kama ulivyo. Gharama yake ni plaiwudi na mataruma unayoyatupa, na mizinga au kapi zozote ulizonunua za 1:50 zitakuwa ndogo kidogo.

Ya tatu ndiyo ningeichagua mimi. Bandua safu zote sita. Gundi nyeupe ya mbao hulegea kwa kitambaa cha maji ya moto na pasi, ukisukuma kisu chembamba taratibu. Kisha kata uti mbele ya taruma la kwanza na nyuma ya taruma la mwisho, ondoa sentimita zilizozidi, rudisha omo na tezi mahali mchoro ulipoziweka, na utie vibao viwili vya kushikilia maungio pande zote. Safu sita ni kazi ndogo. Ungekuwa umefika mkanda wa juu ningesita kukuambia hivi.

Kuhusu kujenga mbao kwanza, kama Witsen alivyoeleza, imeshafanywa kwa mifano. Ab Hoving, aliyekuwa akitengeneza mifano ya meli katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, aliifuata kanuni ya Witsen hatua kwa hatua kwenye pinasi, aina nyingine ya meli ya Kiholanzi, ya futi 134. Inafundisha mno. Lakini bila mataruma ya kukuongoza, jicho lako ndilo kipimo pekee, na jicho hilo linapatikana kwa kumaliza meli moja kwanza. Ukimaliza fluiti hii, niandikie, tutaizungumza.

Kipo kitu kimoja ambacho maandishi hayawezi kukupa, nacho ni kuona mkono wa mtu ukichukua umbo la ubao. Kabla hujapandisha safu ya kwanza upya, chukua uti wako na mataruma yake, vuka hadi Nungwi au panda hadi Lamu, utafute fundi wa majahazi aliye kazini. Usimuulize habari za Uholanzi. Mwonyeshe omo, mpe kipande kilichonyooka, na umwombe akuonyeshe jinsi anavyojua ubao unaofuata utakuwa na umbo gani kabla hajaukata. Angalia anavyoweka alama, na umwache aweke za kwanza mwenyewe kwenye mataruma yako.